Mti Kwenye Fuvu la Bibi

Filamu ya eksirei ikiharibika, mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa yule aliyeiuza. Hivyo ndivyo tulivyoishi Sumbawanga miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yalijaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na hakuna hata kimoja tulichokiamini. Betri tulizijaribu kwa ulimi kabla ya kutoka dukani. Vidonge watu walivikata kwa meno waone kama ndani hamna chokaa. Hospitali ya misheni nilikofanya kazi ilikuwa imezoea kuletewa filamu za eksirei kutoka bohari ya serikali. Sasa zilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa mjini, na kila boksi lilipofika, mzee wa eksirei alilitikisa karibu na sikio kama mtu anayekagua yai.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Niliingia pale kufagia na kupiga deki, baada ya kumaliza shule ya msingi kule Kaengesa na kutochaguliwa kwenda sekondari. Siku moja mtu wa chumba cha giza aliacha kazi, mzee akaniita nishike ndoo, na sikutoka tena. Nilijifundisha kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza kilichopotea jalada, nikiwa na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa wiki. Niliandika kila kosa ninalosoma humo ili nisije nikalifanya. Kwa miaka miwili sikuharibu filamu hata moja. Najua hivyo kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Wenzangu wa sasa, katika hospitali ya jiji kubwa ambako tunachunguza ubongo wa wazee wanaopoteza kumbukumbu, huniuliza nilifikaje huku kutoka kwenye picha za mifupa. Huwa nawaambia nilipenda kusoma. Ni kweli, lakini si jibu. Jibu ni filamu moja niliyoiharibu, na siku nne nilizokaa kimya baada ya kuiharibu.

Nilikuwa naishi mtaa wa Kizwite kwa baba mdogo, na bibi yangu mzaa baba aliishi nasi tangu babu alipofariki. Bibi alikuwa mtu wa utani. Mimi aliniita mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kiume, na alinidai matumizi ya nyumbani mbele ya wageni.

"Mume wangu huyu," alikuwa akisema, "anafanya kazi gizani. Sijui anamwonea haya nani."

Kwa hiyo alipoanza kubadilika sikuona. Alimwamkia mgeni kwa salamu ndefu ya Kifipa, amepiga magoti, viganja vinapigwa polepole, na mgeni akakaa, akapewa uji. Kisha bibi akageuka, akamwona, akapiga magoti upya na kuanza tena. Mgeni alicheka. Sote tulicheka. Tulidhani anamfanyia mzaha. Aliloweka ulezi wa kimea, akausahau mpaka ukaoza ndani ya mtungi, akasema panya wamemwaga maji. Siku nyingine aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini sijarudi kwa mama yangu jioni yote ile. Nilimjibu, "Si mimi mume wako?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Halafu akaanza kufagia.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya mfanyabiashara wa ng'ombe. Ukoo wake ulitoka kaskazini-magharibi ya nchi na mifugo, ukashukia bondeni upande wa Milepa. Yeye akapanda mjini na mke na watoto. Walikuwa watu wema, lakini walikuja Sumbawanga wakiwa wameshaonywa. Huko walikotoka, ukitaja mji wetu, watu hukuuliza kama huogopi radi za kutumwa. Na sisi, kwa upande wetu, tulijiuliza mtu anapataje ng'ombe wengi hivyo. Tulikuwa tunasalimiana vizuri na kufunga milango.

Alfajiri moja mke wa jirani alifungua mlango akamkuta bibi yangu amejiinamia katikati ya uwanja wao, na ufagio wake wa vijiti, anafagia. Alfajiri iliyofuata, tena. Ukiwa mgeni utaona ni mama mzee anasaidia. Kwetu, mtu anayefagia uwanja wa mwenzake kabla jua halijatoka anafagia nyayo za wenye nyumba. Anachukua vumbi walilolikanyaga, na kwa vumbi hilo anaweza kufanya jambo. Wiki hiyo hiyo mtoto wao mdogo akashikwa na homa.

Jirani hakupiga kelele. Alikuja kwa baba mdogo, balozi wetu wa nyumba kumi akiwepo, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Shikamoo, balozi. Mimi simtuhumu mama yetu. Nauliza tu anatafuta nini kwangu kabla sijaamka."

Bibi alipoulizwa alisema anafagia uwanja wake, na kwamba watu wale wamejenga kwake bila ruhusa.

Hapo ndipo likatajwa jambo la kunyolewa. Kulikuwa na waganga waliopanda kutoka bondeni, ambao kazi yao ilikuwa kuwanyoa walioshukiwa uchawi. Mshukiwa hukalishwa mbele za watu, hunyolewa kichwa chote kwa wembe, huchanjwa chale utosini, na kupakwa dawa. Wanasema baada ya hapo uchawi umekwisha. Nilichokiona mimi kwa waliokwisha kunyolewa ni kwamba hakuna aliyekula tena chakula cha mikono yao. Mama mmoja wa mtaa wa pili alinyolewa msimu wa kuvuna, kufikia mvua za kwanza alikuwa amekufa, na kilichomuua midomoni mwa watu kilikuwa "uzee."

Baba mdogo hakutaka mama yake anyolewe. Lakini hakutaka pia kuwa na nyumba inayonyooshewa kidole. Jioni ile, baada ya wageni kuondoka, aliniita.

"Wewe si unapiga picha za ndani ya mtu?"

"Mifupa, baba."

"Mpige kichwa. Kama kuna ugonjwa tutauona, nitamwonyesha balozi, yataisha. Kama hamna ugonjwa, basi tutajua ni kitu kingine."

Nilipaswa kumwambia palepale kwamba eksirei haioni ndani ya fuvu. Inaona mfupa tu. Ubongo wenyewe unapitwa na miale kama maji yanavyopitwa na mwanga. Nililijua hilo, lilikuwa kwenye kitabu changu. Sikumwambia. Nilipenda namna alivyonitazama. Na kuna jambo jingine, ambalo nimewahi kumwambia mtu mmoja tu: nami nilimshuku bibi. Nililala chumba kilichopakana na chake na nilianza kuweka kigoda nyuma ya mlango wangu.

Bibi alikuwa ameanguka jikoni mwezi ule, kwa hiyo haikuwa vigumu kupata cheti cha daktari cha picha ya kichwa. Mzee wa eksirei alikuwa amekwenda msibani Kaengesa. Nilisema nitapiga mwenyewe.

Ilikuwa miezi ya baridi. Anayeijua Ufipa mwezi wa saba anajua baridi ile kavu, midomo inapasuka, nywele zinalia ukizichana. Kwa ajili hiyo mzee alikuwa na sheria mbili za chumba cha giza. Ya kwanza, hakuna kuingia na sweta. Ya pili, kabla hujagusa filamu, shika bomba la maji kwa mkono ulio wazi. Alinieleza sababu siku ya kwanza: katika ukavu ule sufu hujaza mwilini cheche ndogo ndogo, na ukiichomoa filamu kwa haraka kwenye boksi, cheche inarukia filamu na kuacha alama. Miaka miwili nilishika bomba mpaka wafanyakazi wakawa wananitania kwamba nimeoana nalo.

Siku ile nilivaa sweta la mitumba, zito, la kijani. Baridi ilikuwa kali, na bibi, nilipomlaza mezani, alinishika mkono akasema, "Usiniache na mtu huyu," na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nikaona boksi la filamu la siku limeisha, nikakimbilia gizani kuchukua nyingine, nikaichomoa. Nilisikia tch. Nilisikia vizuri kabisa.

Picha ilipotoka kwenye dawa, fuvu lilikuwa safi na limenyooka, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na juu ya sikio, kutoka ukingoni kuelekea katikati ya kichwa, palikuwa na mti mweusi. Shina moja, matawi, na matawi ya matawi, membamba kama mizizi ya ulezi.

Baba mdogo alikuwa kwenye benchi la nje. Alikuja mlangoni kabla maji hayajachuruzika.

"Hiyo nini?"

Nikasema, "Sijui."

Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mtu yeyote aliyekulia Ufipa ameshaiona alama ile angani, mwezi wa kumi na mbili, mara nyingi kuliko alivyotaka. Alimsaidia mama yake kuvaa viatu, na mikono yake haikumgusa mwilini. Alishika viatu tu.

Nilirudi chumbani nikafungua kitabu. Ukurasa ule niliwahi kuunakili kwenye orodha yangu ya makosa. Kulikuwa na mchoro wa mti uleule. Nikafunga kitabu, nikajiambia kwamba huenda ni filamu za yule mfanyabiashara wa mjini, kwamba watu hawa wanauza vitu vibovu, kila mtu anajua. Nilijiambia hivyo siku nne. Mzee alikuwa amependekeza jina langu kwa mafunzo ya wasaidizi wa eksirei, na barua ilikuwa inasubiriwa. Mtu anayechukia makosa kupita kiasi si kwamba hayafanyi. Anayaficha vizuri zaidi kuliko wengine.

Katika siku hizo nne habari ilitembea. Nilipopita dukani niliwasikia vijana wawili wa rika langu.

"Oya, mshikaji, mambo?"

"Poa."

"Tunasikia bibi yako ana radi kichwani. Kwa hiyo umeme ukikatika tuje kwenu?"

Walicheka, nami nikacheka nao. Hilo pia nalikiri. Nyumbani, baba mdogo alikuwa amekubaliana na balozi kwamba waganga waitwe Jumapili baada ya misa. Shangazi zangu waliacha kula alichopika bibi. Yeye hakujua. Aliendelea kuweka sahani, akizihesabu kwa majina ya watoto wake, pamoja na binti aliyemzika zamani.

Mzee wa eksirei alirudi Ijumaa. Alikuwa na mazoea ya kukagua kila picha iliyopigwa asipokuwepo. Nilikuwa nimeificha ile chini ya nyingine. Aliifikia, akaitazama kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kupiga chafya.

"Sweta," alisema.

Nilianza kupanga picha zilizobaki.

"La rangi gani?"

"Kijani."

"Kwa hiyo umempiga bibi yako radi wewe mwenyewe." Alicheka kidogo, akaacha alipoona uso wangu. "Nani mwingine ameiona hii?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka kigoda cha nyuma ya mlango. Mzee alikaa kwenye meza ya wagonjwa, akavua miwani.

"Nikiandika kwamba umeharibu filamu, ile barua ya mafunzo haitakuja mwaka huu."

"Najua."

"Na nisipoandika?"

"Watamnyoa."

"Basi si mimi wa kuandika. Kesho kutwa nenda ukaseme. Chukua filamu moja tupu, ukaiharibu tena mbele ya macho yangu, uwe na kitu cha kuwaonyesha."

Nililivaa sweta lile. Nilijisugua mikono kifuani gizani, nikachomoa filamu bila kushika bomba, tch, nikaitumbukiza kwenye dawa. Hakuna mgonjwa, hakuna fuvu, hakuna miale. Mti ukaota, tena mkubwa kuliko wa kwanza.

Jumapili walikuwa wengi uwanjani kwetu. Waganga walikuwa hawajafika. Tuliambiwa wako njiani. Bibi alikaa kwenye mkeka, amevalishwa kitenge kipya, akidhani kuna harusi. Niliomba ruhusa kwa balozi. Nikanyanyua picha ya kwanza kuelekea jua, kisha ya pili. Nikaeleza habari za sweta na bomba. Sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya mtoto.

"Hii ya pili ni kichwa cha nani?" aliuliza balozi.

"Si cha mtu. Ni mkono wangu tu."

"Na hii ya kwanza?"

"Ni mkono wangu pia. Nilijua tangu siku ileile. Nikanyamaza kwa sababu niliogopa kupoteza nafasi ya masomo."

Shangazi mmoja alisema kwa sauti ya chini, lakini si kiasi cha kutosikika, "Kumbe mchawi mwenyewe tunaye hapa." Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alinitazama mpaka nikatazama chini.

Kisha jirani akainua mkono. Aliuliza swali ambalo mpaka leo sijasikia bora kuliko hilo, hata kwenye mikutano ya madaktari.

"Kijana, sawa. Umesema picha ile ilidanganya. Sasa bila ule mti, kichwa cha mama hakina kitu. Hakina ugonjwa. Basi kinachomleta kwangu alfajiri ni nini?"

Nikasema ukweli uliobaki, kwamba mashine yangu haioni mahali ugonjwa huo ulipo, kama upo. Kwamba inaona ganda la karanga, haioni karanga. Watu wakaanza kunong'ona, na nikaona nimeliharibu jambo mara ya pili. Kwa kukosa la kufanya, nikamgeukia mke wa jirani, ambaye ndiye aliyemwona bibi kwa macho.

"Shikamoo, mama. Vumbi alilofagia alilipeleka wapi?"

"Marahaba." Alifikiri kidogo. "Kwenye jalala."

"Jalala letu au lenu?"

"Letu. Kule nyuma."

"Hakuondoka na chochote?"

"Aliondoka na ufagio wake." Halafu akaongeza kama mtu anayekumbuka jambo wakati analisema. "Aliniita jina fulani. Akaniuliza kwa nini sijawasha moto mpaka saa zile, baba yangu anasubiri uji."

Alilitaja jina. Lilikuwa la yule binti aliyekufa. Baba mdogo alikuwa mdogo wake. Binti huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Aliingia ndani, hakutoka kwa muda mrefu. Alipotoka alimwambia balozi kwamba waganga wakifika wapewe uji na warudi walikotoka.

Sitaki mtu afikiri mashaka yaliisha. Jirani alisema, "Afagie, lakini mlango wangu nitaufunga kwa komeo." Shangazi waliendelea kuchagua vyombo. Barua ya mafunzo haikuja mwaka ule. Mimi nilinunua daftari, na kwa kuwa mashine haikuweza kuona, nikaanza kuona mwenyewe. Nilimfuata bibi alfajiri na kuandika: leo amesahau njia ya kurudi lakini hakusahau kuimba sala nzima, leo hakunijua lakini amejua kwamba ulezi huu haujakauka. Nilishuku kila nilichoandika, nikakirudia kesho yake kuona kama ni kweli. Baadaye, katika kitabu kingine kilichotupwa na mtawa mmoja daktari, nilikutana na neno Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu za wazee, na maelezo yake. Yalimfaa bibi kupita kiasi, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Nikayashuku hayo nayo.

Nilifanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mafunzo ya eksirei nikayapata mwaka uliofuata ule. Katika hospitali ya jiji nilikopangiwa kazi kulikuwa na mashine mpya inayokata picha ya kichwa vipande vipande, na kwa mara ya kwanza nikaiona karanga ndani ya ganda: kwa wazee wengine imejaa, kwa wengine imesinyaa na kuacha nafasi. Daktari aliyekuwa akiwachunguza wazee hao alitafuta mtu anayejua picha na anayejua kuzungumza na wazee. Nilimpa daftari langu. Alilisoma siku mbili, akaniuliza nani alinifundisha. Sasa napiga picha, nakaa na familia, nauliza maswali, naandika. Picha ya ubongo wa bibi sina, na sitakuwa nayo. Kama ulikuwa ugonjwa ule au mwingine, siwezi kuapa.

Alifariki nikiwa jijini. Nilifika Kizwite siku ya pili ya matanga. Nilipokaribia kina mama waliokuwa wamemwosha, nilikuwa na swali moja tu, na niliona haya kuliuliza. Mmoja wao aliona ninavyohangaika, akasema bibi alizikwa na nywele zake, tena zimesukwa vizuri, mabutu madogo madogo mpaka kisogoni.

"Nani alimsuka?"

Wakanionyesha mke wa jirani, aliyekuwa akichambua maharage kando ya moto.

Nilikwenda nikapiga magoti kumwamkia. Nilimshukuru. Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikamuuliza kwa nini.

"Kila asubuhi nilikuwa nafumua na kusuka upya," alisema bila kuacha maharage. "Mtu akiwa anasukwa hatoki. Anakaa. Ningempata wapi tena, akishashika njia ya mashambani?"

"Kwa hiyo hukumwogopa?"

"Nilimwogopa sana," alisema. "Ndiyo maana nilitaka awe mbele yangu, nimshike kichwa."